Udongo wa Wortley

Kwenye dirisha la jikoni la bibi ninayemtunza kuna chupa ya jamu iliyojaa udongo. Ni udongo wa kahawia, mkavu, ulioshikana kwa miaka mingi. Kifuniko kimebandikwa kikaratasi chenye maandishi ya wino: Wortley, 1974. Kila asubuhi, nikishampa dawa zake za presha, huniambia niisogeze chupa kidogo, jua lisije likaufuta wino.

Siku niliyoanza kazi kwake nilidhani ni dawa ya mitishamba. Akacheka, akanieleza. Mwaka huo yeye na marehemu mumewe walipanda ndege hadi Uingereza, wakakodi gari, wakakitafuta kijiji kidogo cha Gloucestershire ambako, kwa mujibu wa kitabu cha ukoo wao, alitoka babu yao Stephen Hopkins, abiria wa Mayflower, meli iliyowapeleka walowezi wa Kiingereza Amerika mwaka 1620. Mumewe aliinama kando ya njia, akachota udongo kwa kijiko cha chai cha hotelini.

Udongo ule si wa kwao.

Nilikaa na maneno hayo wiki sita kabla ya kuyatamka.

## Kadi ya kitukuu

Bibi ana miaka 91. Anaishi Cape Cod, ile rasi ya Massachusetts iliyojikunja kama mkono wa mtu anayeita. Mimi natoka Pangani. Mwezi wangu wa kwanza nilimfundisha shikamoo na marahaba, na sasa nikichelewa kumwamkia ndiye anayenidai.

Desemba familia yao ilipata kitukuu, mtoto wa kike. Bibi akasema kwamba kabla macho yake hayajazima kabisa anataka kumwachia mtoto kadi yenye majina: mtoto mwenyewe, mama yake, nyanya yake, kurudi nyuma mmoja mmoja hadi kwa Stephen Hopkins, na juu kabisa jina la kijiji cha Uingereza. Yeye ataje, mimi niandike. Alininunulia kalamu nzuri kwa ajili ya kazi hiyo.

Sisi tuna mtoto, mjukuu, kitukuu, kilembwe, kilembwekeza. Baada ya hapo ulimi unaanza kusitasita. Mlolongo wa bibi una zaidi ya vizazi kumi, na anaujua kama mtu anavyojua milango ya nyumba aliyozaliwa.

Kitabu tulichokuwa tukinakili kiliandikwa na ndugu ya babu yake. Ukurasa wa mwanzo umeliwa na unyevu, tarehe ya kuzaliwa kwa Stephen haisomeki. Nikamwambia asijali, nitaitafuta jioni kwenye tableti.

Ilikuwa tarehe moja tu.

## Kilomita 80

Nilichokikuta jioni hiyo wanaofuatilia mambo haya wanakijua tangu 1998. Mwaka huo mtafiti Caleb Johnson alichapisha ushahidi kwamba Stephen Hopkins hakutoka Wortley. Utafiti wa baadaye ukaonyesha kwamba alibatizwa Upper Clatford, karibu na Andover, katika jimbo la Hampshire, tarehe 30 Aprili 1581. Baba yake aliitwa John. Kutoka kijiji alichochota udongo mume wa bibi hadi Upper Clatford ni kama kilomita 80 hewani.

Mtu anaweza kusema kilomita 80 si kitu. Uingereza ni ileile, mvua ni ileile. Nami nilijiambia hivyo siku mbili za kwanza.

Lakini kila nilipoishika ile kalamu mkono ulikuwa mzito. Kitabu cha ukoo kimekosea, sawa, aliyekiandika alijitahidi kwa alivyojua. Kadi hii ni tofauti. Itakuwa na mwandiko wangu, na mimi nilikuwa najua.

Nikaanza kuandika kutoka chini. Mtoto, mama yake, nyanya yake. Nikawa napanda ngazi taratibu, nikijipa muda.

## Jina si mtu

Usiku, bibi akishalala, nikawa nasoma namna watu wanavyowatafuta hawa walowezi wa mwanzo upande wa pili wa bahari. Nilifikiri ugumu ni uchakavu wa karatasi. Kumbe ugumu mkubwa ni majina.

Mwaka 1538 Thomas Cromwell aliamuru kila parokia ya Uingereza iweke daftari la ubatizo, ndoa na maziko. Ndiyo maana mtu asiye tajiri wala mwenye cheo, mtoto wa mkulima au wa fundi, anaweza kuonekana katika hati ya wakati ule, angalau mara tatu katika maisha yake. Madaftari ya kwanza mengi yalikuwa ya karatasi, yakaharibika, na mwaka 1598 ikaamriwa yanakiliwe upya kwenye ngozi. Kilichopotea kabla ya kunakiliwa kimepotea.

Kilichobaki nacho kina mitego yake. Mwaka wao ulianza tarehe 25 Machi, hivyo mtoto aliyebatizwa Januari anaandikwa chini ya mwaka ambao kwetu sisi umekwisha. Mwandiko wa enzi ile una herufi h inayoning'inia chini ya mstari kama mkia, na s ndefu ambayo jicho linaisoma f. Nilikaa usiku mzima na kurasa mbili tatu za mfano, na kufika alfajiri nilikuwa nimesoma kwa uhakika neno moja: John.

Na John walikuwa wengi mno. Watu waliwapa watoto majina yaleyale machache, kizazi baada ya kizazi. Ukimtafuta Stephen Hopkins katika madaftari ya Uingereza, shida yako haitakuwa kumkosa. Utampata, na utampata tena, parokia nyingine. Hapo ndipo watu wengi wanapoteleza: wanakuta jina, umri unalingana kidogo, moyo unaruka, wanafunga kitabu. Jina limepatikana, mtu hajapatikana.

Na pale palipokuwa na fedha, walikuwepo waliofanya makusudi. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtu mmoja aitwaye Gustave Anjou aliwatengenezea matajiri wa Marekani nasaba kwa malipo: alichanganya hati za kweli na za kubuni hadi ukoo ukafika alikotaka mteja. Watafiti bado wanaitafuta sumu yake katika vitabu vya watu. Ndugu ya babu yake bibi hakuwa wa namna hiyo. Yeye alipenda tu jibu kabla hajalipata.

Sasa, Hopkins wa kweli alijulikanaje? William Bradford, gavana wa Plymouth, koloni lililoanzishwa na abiria hao, aliacha orodha ya abiria wa Mayflower. Kwa Hopkins anamtaja yeye, mkewe Elizabeth, watoto wawili wa huyo Elizabeth, Damaris na Oceanus, huyu wa pili akiwa amezaliwa baharini. Halafu kuna watoto wengine wawili, Giles na Constance, ambao Bradford anasema ni wa mke wa kwanza.

Mke wa kwanza. Jina hakulitaja.

Na katika daftari la parokia ya Hursley, karibu na Winchester, wamo watoto wa Stephen Hopkins waliobatizwa wakifuatana: Elizabeth, kisha Constance tarehe 11 Mei 1606, kisha Giles tarehe 30 Januari 1608. Stephen Hopkins unaweza kumkuta popote. Stephen Hopkins mwenye Constance na Giles, katika umri unaolingana, ni habari nyingine. Watoto ndio waliomtambulisha baba.

## Mjane mwenye mume

Hapa ndipo nilipoacha kufikiria habari ya udongo.

Kitabu cha bibi, kama vitabu vingi vya zamani, kinamtaja mke wa kwanza wa Stephen kuwa Constance Dudley. Dudley ni jina kubwa Uingereza, jina la watu wa ikulu. Kaka yake bibi, marehemu, alipewa Dudley kuwa jina la kati kwa heshima ya huyo mama. Hakuna hati inayomfunga Constance Dudley yeyote na Stephen Hopkins. Palikuwa na pengo kwenye maneno ya Bradford, na watu wakalijaza kwa jina lililopendeza.

Daftari la Hursley linasema mke aliitwa Mary. Alizikwa tarehe 9 Mei 1613.

Siku chache baada ya maziko mali yake iliorodheshwa kwa ajili ya mirathi. Katika orodha hiyo wameandika: Mary Hopkins wa Hursley, mjane.

Nilisoma mstari huo nikasimama. Stephen alikuwa hai. Mwaka 1609 alipanda jahazi Sea Venture kwenda Virginia, likapigwa na tufani, likavunjikia Bermuda. Walikaa kisiwani karibu miezi kumi, wakajenga vyombo viwili vipya kufika Jamestown. Huko kisiwani Stephen alidai kwamba baada ya kuvunjikiwa hawakuwa tena chini ya amri ya gavana. Akahukumiwa kifo kwa uasi. Alilia, akaomba, akawataja mke na watoto wake watakaoangamia, na wenzake wakamwombea hadi akasamehewa.

Kwa hiyo huyu mwanamume aliokoa shingo yake kwa kumtaja Mary. Na Mary, upande wa pili, akafa akiandikwa mjane, na watoto watatu, mdogo wao akiwa na miaka mitano.

Kama alikata tamaa yeye mwenyewe au ni karani aliyeamua hivyo, karatasi haisemi. Mimi naamini kijijini walikuwa wameshamlia Stephen. Miaka karibu minne, mtu kaenda baharini. Nimekulia kando ya bahari. Najua watu husubiri kwa muda gani kabla hawajaanza kusema "marehemu".

Baba alirudi baadaye. Akaoa tena Whitechapel, London, Februari 1618, na miaka miwili baadaye akapakia familia kwenye Mayflower. Constance alikuwa na miaka 14, Giles 12. Elizabeth, yule mtoto wa kwanza, hayumo kwenye orodha ya abiria.

## Mababu saba wa Pangani

Wiki ya nne nikampigia mama simu, nikamuuliza ungefanyaje. Akajibu kwa swali: huyo mzee ana raha na chupa yake? Nikasema ndiyo. Akasema basi mwache nayo.

Nilitaka sana kumtii.

Lakini nikamkumbuka nyanya yangu mzaa baba, Mungu amrehemu. Yeye alikuwa akituketisha barazani na kutuhesabia mababu saba, wa mwisho akiwa ametoka Shirazi. Tuliyakariri majina yale kama tunavyokariri dua. Saba, wote wanaume. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa zamani, waliozikwa katika miji sita ya pwani yetu na mmoja wa bara kati ya mwaka 1250 na 1800. Ilionekana kwamba wageni kutoka Uajemi walikuwepo kweli, wengi wao wanaume, na walianza kuoana na wenyeji tangu kama mwaka 1000. Na kwa wengi wa wale waliopimwa, zaidi ya nusu ya vinasaba ilitoka Afrika, hasa kwa wanawake.

Nyanya hakuwa mwongo. Wale wa ng'ambo alituhesabia. Walioyazaa majina hayo, mama zake mwenyewe na mama zao, hakututajia hata mmoja, kwa sababu na yeye hakutajiwa.

Nikaiangalia kadi. Mtoto wa kike. Mama yake. Nyanya yake. Ukoo wa bibi unapanda hadi kwa Constance, si kwa Giles. Ina maana juu ya Constance, kabla ya baba, kuna mama. Nami nilikuwa karibu kumwandika pale mtu ambaye hakumzaa.

## Mstari mtupu

Nilikuwa bado nautafuta mdomo wa kusemea bibi aliponiwahi. Ilikuwa asubuhi ya theluji, kaishika kadi chini ya taa, na kioo chake cha kukuzia maandishi.

"Mjukuu wangu," akasema, maana siku hizi ndivyo anavyoniita, "mbona umejaza kote ukaacha juu?"

Nikavuta kiti. Nikamwambia yote, kwa mpangilio, bila kuzungukazunguka: Johnson, 1998, Upper Clatford, Hursley. Aliniuliza mara mbili tarehe ya ubatizo. Halafu akageuka kuiangalia chupa.

"Alilia pale," akasema. Alimaanisha mumewe. "Hakuwa mtu wa kulia. Wala haukuwa ukoo wake, ulikuwa wangu, na bado alilia."

Hakuzungumza nami tena hadi chakula cha mchana, na mchana aliomba chumvi tu. Usiku sikulala. Nilimsikia mama: mwache nayo.

Kesho yake, nikimvalisha soksi, akauliza, "Huyo mke wa kwanza. Jana ulisema alikuwa nani?"

"Mary."

"Nini kilimuua?"

Nikamwambia daftari halitaji. Nikamweleza habari ya neno mjane. Alinyamaza nikadhani nimemchosha, kumbe alikuwa anahesabu kwa vidole.

"Tangu tisa hadi kumi na tatu. Miaka minne," akasema. "Mimi nina ishirini na miwili, na bado simu ikilia jioni nageuza kichwa."

Kisha akataka kujua Constance alikuwa na miaka mingapi mama alipozikwa. Alikuwa ndiyo kwanza anatimiza saba. Maziko tarehe 9 Mei. Ubatizo wake ulikuwa tarehe 11 Mei. Sikuwa nimeziweka tarehe hizo mbili pamoja mpaka bibi alipouliza.

Hapa karibu, Eastham, kuna makaburi ya zamani ya Cove yenye mawe ya kumbukumbu ya Giles na Constance. Bibi amepeleka maua huko miaka yote. Eastham yenyewe ilikuwa Nauset, nchi ya wenyewe, na Plymouth ilijengwa juu ya Patuxet, kijiji cha Wawampanoag kilichofagiliwa na maradhi miaka michache kabla ya meli kufika. Bibi hulisema hilo pasipo kuulizwa, nami namheshimu kwa hilo. Machi 1621 Samoset, mwenyeji wa kwanza kuja kuzungumza nao, alilala nyumbani kwa Stephen Hopkins. Nyumba ambayo Constance alikuwemo.

"Nimempelekea maua miaka sitini," bibi akasema, "sikuwahi kujiuliza alimlilia nani."

## Nusu ya ng'ombe

Jumapili akaniagiza nishushe chupa. Nilidhani anataka niimwage bustanini. Alitaka kikaratasi kingine. Kile cha zamani hatukukibandua, tulibandika kipya chini yake, kwa maneno aliyonitajia: Kijiko cha mume wangu.

Halafu kadi. Juu kabisa, mahali pa kijiji, tuliandika viwili: Upper Clatford kwa Stephen, Hursley kwa Mary. Akanitaka nimweke Mary kwanza, kwa herufi kubwa kuliko za mumewe.

Tukiwa tumebakiwa na nafasi kidogo, akaniomba nimsomee wosia wa Stephen, wa mwaka 1644, ambao aliusikia utotoni ukisomwa kwa haraka. Nikamsomea polepole. Mzee Hopkins aliyesalimika Bermuda anaomba azikwe karibu na mkewe Elizabeth, kisha anaanza kugawa. Fahali mkubwa kwa Giles. Farasi jike kwa Constance. Halafu ng'ombe kwa mabinti wadogo, na wana majina: Red Cole, Smykins, Motley. Yumo mtamba asiye na mkia. Motley kagawanywa, nusu kwa Deborah, nusu kwa Damaris.

Bibi akanisimamisha. "Nusu ya ng'ombe? Wanamkata?"

Hili nililijua bila kitabu. Nikamweleza kwamba kwa wajomba zangu, huko Handeni, ng'ombe wa ubia ni jambo la kawaida. Hakuna anayemkata. Maziwa ya leo ya huyu, ya kesho ya yule. Ndama wa kwanza akienda nyumba hii, wa pili anakwenda nyumba ile. Wenye ng'ombe wakigombana, wazee huwauliza kwanza nani alimlisha kiangazi.

Alisikiliza hadi mwisho, kichwa kikiwa kimeinama upande wa sikio lake zima.

"Kwa hiyo wale dada wawili ilibidi waonane kila siku."

"Ilibidi, bibi."

Akaigonga kadi kwa kidole, pale pembeni palipobaki peupe.

"Basi mwandike na Motley."